Zahanati ya Makontena: Tusipakie Meli Kabla ya Kujibu Maswali Haya



Mwenyekiti kanipa dakika kumi, kwa hiyo nakwenda moja kwa moja kwenye hoja.

Leo tunapiga kura kama yale makontena mawili tuliyoyanunua yapakiwe meli kwenda Dar es Salaam, yakawe zahanati ya muda mtaani wakati zahanati ya zamani inajengwa upya. Wengi mnakumbuka kwamba wazo hili nililileta mimi. Basi mtashangaa nikisema leo napiga kura ya hapana. Ni hapana mpaka maswali manne yajibiwe.

Kabla sijaja Uingereza nilifanya kazi katika kituo cha namna hii hii, hapo hapo Dar. Sitakitaja, kwa sababu sina ugomvi na mtu. Kilikuwa kando ya barabara yenye daladala, bodaboda, mama ntilie na wauza mitumba. Tuliambiwa ni cha miezi sita. Nilikaa pale miaka miwili, nikaondoka nikakiacha.

Makontena matatu yalipangwa mstari mmoja, milango yote inatazama barabarani. Mlango wa kwanza wagonjwa wa kawaida, wa pili mama na mtoto, wa tatu ushauri nasaha na kupima virusi vya UKIMWI. Benchi la kusubiria lilikuwa mbele ya milango hiyo. Siku moja alikuja dada mmoja. Akasimama nje karibu saa nzima, ananunua chungwa, anakula, ananunua jingine. Nilimwona na nilimwelewa. Mwishowe akapiga hatua kuelekea mlango wa tatu. Mtu mmoja kwenye benchi akamwita kwa jina, akamwambia, "Kumbe na wewe?" Dada akageuka akaenda zake. Sikumwona tena mpaka naondoka. Dawa tulikuwa nazo, tena bure. Kilichomfukuza ni mpangilio wa milango.

Kwa hiyo swali la kwanza: milango itatazama wapi? Katika mtaa wenye msongamano kila mtu anamjua mwenzake. Ramani tuliyoletewa inaonyesha milango barabarani, eti ili kituo kionekane. Mimi nasema makontena yatazamane, katikati uwe uwanja wenye kivuli na mabenchi, na mlango wa nje uwe mmoja kwa wote. Mtu akiingia, jirani asijue kafuata nini.

Swali la pili: joto, hewa, maji na taka. Kontena la futi 20 ndani lina upana wa mita 2.35 tu, na ukiweka kuta za kuzuia joto unapungua zaidi. Weka kitanda, meza na sinki, halafu mlete mzee kwenye kiti cha magurudumu, ambacho kinataka kama mita 1.5 kugeuka. Hageuki huyo. Na hicho ni chuma chini ya jua la Dar. Linahitaji paa la pili juu yake, lililoinuliwa upepo upite, na madirisha pande mbili. Najua kuna mjumbe kajitolea viyoyozi, Mungu ambariki. Lakini kiyoyozi cha kawaida kinazungusha hewa ile ile, na akiingia mgonjwa wa kifua kikuu anayekohoa, madirisha yamefungwa, tumewaweka hatarini wote waliomo.

Chanjo nyingi zinatunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Pale kwetu umeme ulikatika Ijumaa jioni, jenereta halikuwa na mafuta, kila mmoja akidhani mwenzake kaweka. Jumatatu tulitupa chanjo za watoto, na mama zao wamekaa foleni wanatutazama. Mimi nilikuwa mmoja wa waliodhani.

Kuhusu kuzalisha, naomba tusidanganyane. Pale hakuna nafasi ya shimo la kondo wala ya kichomea taka, na masika maji yanapanda. Kituo kipime wajawazito, lakini kujifungua waende kituo cha afya, na gari la kuwapeleka lijulikane mapema.

Waingereza walijifunza hili zamani. Mwaka 1855, wakati wa vita vya Crimea, mhandisi Isambard Kingdom Brunel alichora hospitali ya mbao ya vipande. Vilitengenezwa huku Uingereza, vikapelekwa kwa meli mpaka Renkioi, Uturuki. Alipeleka wodi pamoja na mitambo ya hewa, mabomba ya maji na mifereji ya maji machafu. Vifo vikawa vichache mno kuliko vilivyokuwa vimetokea Scutari, ambako majeruhi walilazwa katika jengo kubwa la kambi ya jeshi lenye mifereji mibovu.

Swali la tatu: nani atafanya kazi humo? Mnakumbuka hospitali ya Nightingale hapa London, mwezi Aprili 2020. Ukumbi wa ExCeL uligeuzwa hospitali kwa siku chache, ikatangazwa kuwa inaweza kufika vitanda 4,000. Wimbi lile la kwanza ilitibu wagonjwa 54, na magazeti yaliripoti kwamba wengine hawakupokelewa kwa uhaba wa wauguzi. Kama nchi tajiri ilipata vitanda ikakosa wauguzi, sisi na makontena mawili tunategemea muujiza gani? Wauguzi lazima watoke manispaa na dawa zitoke Bohari ya Dawa, kwa maandishi, siyo kwa ahadi ya simu.

Swali la nne ndilo la siasa, na msinune. Litaondoka lini? Mpango wa afya ya msingi wa 2007 hadi 2017 uliahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Ahadi ile bado tunaidai. Tukipeleka makontena bila tarehe ya mwisho, tumempa mkubwa fulani utepe wa kukata na sababu ya kuchelewesha jengo. Napendekeza tarehe ya kuondoka iandikwe ukutani, kwa rangi, kila mwananchi aisome na aweze kuuliza.

Najua mtasema tunalipia yadi kila wiki. Kweli, tunalipia. Mimi pia inaniuma. Shangazi yangu anaishi mtaa ule ule, ana presha, kila Jumapili ananipigia, "Mwanangu, meli imefika wapi?" Leo jioni nitampigia kumwambia bado, na sababu ni mimi.

Hoja yangu ni hii: tuwape miezi miwili. Ije barua ya mganga mkuu wa manispaa yenye idadi ya watumishi, utaratibu wa dawa na tarehe ya kuondoa makontena. Ramani ibadilishwe, na akina mama wa mtaa ule waulizwe kabla fundi hajakata mlango hata mmoja. Barua ikifika, nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono wa ndiyo, na nitachukua likizo yangu niende nikasimamie mwenyewe.

Naomba kuwasilisha.