Sugu ya Bega Lisilo na Mzigo

(Hotuba iliyotolewa kwa walimu na watumishi wa serikali wa Bukene, Mkoa wa Tabora)



Kabla ya reli, mizigo ya nchi hii ilisafiri juu ya mabega ya watu. Pembe za ndovu zilikwenda Bagamoyo. Nguo na shanga zilirudi bara. Na Tabora ilikuwa njia panda ya misafara hiyo. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kiasi cha ratili 60 hadi 70, nao waliubeba begani, kazi waliyozoezwa tangu utotoni. Hatimaye bega liliota sugu.

Sugu ile haikuwa ugonjwa. Ilikuwa kinga, na bila hiyo safari isingewezekana. Lakini Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi la Mwanza, linalopita hapa Bukene, likakamilika mwaka 1928. Mzigo ukahamia kwenye behewa. Sugu ikabaki begani.

Ndugu zangu, nimekuja kuzungumza juu ya sugu za namna hiyo, zile zilizomo mioyoni mwetu.

Wakati wa Mjerumani, mtu aliyeonekana mkaidi aliweza kulazwa chini na kuchapwa hamsa ishirini. Mwingereza alipochukua nchi, Bwana Shauri alikuwa ndiye mwenye neno la mwisho. Wazee wetu wakajifunza kuvua kofia mapema, kuitikia "ndiyo, bwana" kabla swali halijaisha, na kuyaficha waliyoyawaza. Tusiwacheke. Kwa kinga hiyo waliokoka, nasi tukapata kuzaliwa.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba, 1961. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikataza majivuno na dharau kwa viongozi. Hata hivyo hakuna waraka uwezao kukwangua sugu iliyo ndani ya mtu. Kazi hiyo ni ya mwenyewe.

Naomba nianze na nafsi yangu. Nilipokuwa mgeni kazini, nikiwa nimetoka Chuo Kikuu na shahada yangu, mzee mmoja alifika ofisini na barua mkononi. Alivua kandambili mlangoni akaniita "bwana mkubwa". Ningepaswa kumwamkia na kumpa kiti. Badala yake nilifurahia jina lile, nikamwambia, "Njoo kesho." Alikuja kesho yake, na keshokutwa. Siku ya nne hakuonekana. Mpaka leo sijui barua ile ilisema nini. Siku ile tulikutana watu wawili wenye sugu: yeye ya kunyenyekea, mimi ya kunyenyekewa. Aliyeumia ni yeye.

Pengine mtaniuliza: mazoea yaweza kuachwa? Jibu limo katika mkoa huu huu. Januari 1958, TANU ilikutana Tabora kujadili kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wajumbe wengi walitaka kususia, na walikuwa na haki ya kuchukia mpango ule wa kibaguzi. Mwalimu Nyerere aliwasihi wautazame mwisho wa safari. Wakakubali kushiriki, na katika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 wagombea wa TANU na wale iliowaunga mkono wakashinda. Ndio Uamuzi wa Busara. Kususia kulikuwa silaha ya heshima. Waliiweka chini walipoona kwamba ingewachelewesha.

Wako watakaosema: mwacha asili ni mtumwa. Ni kweli. Lakini woga si asili yetu. Mtoto wa Kinyamwezi anapomwinamia mzee kumwamkia, hiyo ni heshima, na tuidumishe. Heshima hutolewa na mtu huru. Woga hutozwa kama kodi. Anayechanganya mambo haya mawili huwanyima watu haki yao akidhani analinda mila.

Basi tuanze na madogo. Mtumishi, mwananchi akiingia, mpe kiti kwanza, kisha mwulize shida yake. Kama jibu halipo leo, mtajie siku na uitimize. Mwalimu, darasa zima likiitikia "ndiyo" kwa sauti moja, usiridhike. Mtafute yule aliyenyamaza, naye akithubutu kusema "sijaelewa", mshukuru mbele ya wenzake. Mtoto huyo ameanza kukombolewa, na wewe pia.

Sugu haitoki kwa siku moja. Hulainika kidogo kidogo, iwapo mwenyewe amekubali kwamba mzigo umekwisha kutuliwa. Mimi bado naikwangua yangu. Kila nikisikia "bwana mkubwa", namkumbuka mzee yule na barua yake.