Kabichi zinashuka, mtoto hakui

Msikilizaji, malori ya kabichi na karoti hushuka kona za Lushoto hadi Mombo, yakielekea Dar es Salaam. Huko juu Usambara yanakotoka, mtoto hushindia uji mweupe na ugali, mama yuko shamba la mteremkoni tangu alfajiri. Tumbo limejaa, mwili haujengeki. Akibaki mfupi, tunasema kamrithi babu yake! Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mizani ya kliniki peke yake haioni hilo. Mtoto apimwe na urefu pia. Na baba aliyeshusha magunia Mombo, asiuze maharage yote, tena apande mlima na dagaa.