Hotuba ya Mweka Hazina: Bwawa la Samaki la Shule Yetu



Mwaka jana mlichangia bwawa la samaki la shule yetu. Mimi ndiye niliyesaini malipo ya vifaranga 2,000 vya perege. Wauzaji walikuwa wawili, nikachagua wa bei ya chini. Kumbe rahisi huvunja upishi.

Vifaranga vile vilikuwa mchanganyiko wa madume na majike. Perege huanza kuzaa akiwa na umri wa miezi michache tu. Jike huatamia mayai mdomoni, na siku hizo hali vizuri wala hakui. Watoto nao walijaa bwawani, wakagombea chakula kilekile. Tulipovua, wengi walikuwa wadogo kama kiganja cha mtoto. Fedha za chakula hazikurudi. Kosa ni langu, na naliweka mbele yenu kabla sijaomba tena.

Yule wa bei ya juu alikuwa akiuza madume matupu. Kifaranga anapoanza tu kula, hupewa chakula kilichochanganywa na homoni ya kiume iitwayo methiltestosteroni, kwa kawaida miligramu 60 kwa kilo moja ya chakula, kwa siku 21 hadi 28. Karibu wote huwa madume, na dume hukua haraka kuliko jike.

Mama yangu mwenyewe ameniuliza: "Mwanangu, mtatulisha dawa?" Nilimjibu kwamba samaki hupewa homoni akiwa mdogo sana, tena kwa wiki chache. Anapofika mezani miezi kadhaa baadaye, homoni hiyo imekwisha kutoka mwilini mwake. Wa kulindwa ni yule anayechanganya chakula hicho: avae glavu na barakoa, na maji ya vifaranga hao yasimwagwe mtoni. Kwa hiyo watoto wetu hawataichanganya shuleni. Tutanunua vifaranga vilivyo tayari, kwa mzalishaji ambaye afisa uvuvi amemkagua.

Leo naomba fedha za vifaranga hivyo na chakula chao hadi mavuno. Safari hii sitasaini peke yangu: mwalimu mkuu na mzazi mmoja watasaini pamoja nami, na risiti zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule.

Karibuni tuchangie.