Kichwa Kilicho Chini ya Mzigo: Ubongo, Mwendo na Dhana ya "Kazi ya Nguvu" Kariakoo

Utangulizi

Jina la eneo tunalolijadili lenyewe limetokana na mizigo. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, kilipiga kambi hapa Ilala, na midomo ya wenyeji ikaligeuza jina la kikosi kuwa Kariakoo. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na mzigo bado unakatiza Mtaa wa Kongo juu ya vichwa vya watu. Anayeubeba tunamwita mtu wa kazi ya nguvu, tukimtofautisha na karani anayeuandika mzigo huohuo kwenye daftari, ambaye yeye tunasema anatumia akili. Mgawanyo huu umezoeleka kiasi kwamba ndio unaoamua ujira, heshima, na hata namna tunavyomhudumia mtu anapougua. Mada hii inadai kwamba utafiti wa jinsi ubongo unavyoendesha mwendo umeuondolea mgawanyo huo msingi wake. Kubeba, kugonga, kushona na kusukuma mkokoteni ni kazi za ubongo, tena ni miongoni mwa zile zinazoutaabisha zaidi.

Ubongo huenda mbele ya mwili

Tumchukue mpagazi mwenye belo la mitumba kichwani, limekaa juu ya ngata, Jumamosi asubuhi. Mbele yake viatu vimepangwa hadi katikati ya njia, guta linarudi nyuma, na mteja amesimama ghafla kuuliza bei. Mpagazi hawezi kuinama kuangalia miguu yake, kwa sababu akiinama mzigo unaondoka. Ugumu wa hesabu anayoifanya uko kwenye muda. Taarifa kutoka kwenye nyayo, shingo, macho na sikio la ndani huchukua takriban sehemu ya kumi ya sekunde, wakati mwingine zaidi, kufika kwenye ubongo, kuchambuliwa na kurudi kama amri kwa misuli. Ubongo ungengoja belo lianze kuinama ndipo uchukue hatua, belo lingekuwa limekwisha kuanguka. Ndiyo maana ubongo hubashiri. Mtu aliyesimama akijiandaa kuvuta kitu kwa mkono, misuli ya shavu la mguu hukaza kabla ya ile ya mkono, kwa kuwa ubongo umekwisha kupiga hesabu ya msukosuko utakaokuja. Kiungo kinachotegemewa sana katika ubashiri huu ni serebelamu, ile sehemu ndogo iliyojificha kisogoni. Kati ya seli za neva zipatazo bilioni 86 za ubongo wa binadamu, takriban bilioni 69 zimo humo. Tukienda kwa hesabu ya seli, basi, sehemu kubwa ya ubongo imo mahali panapohusika zaidi na kuuweka mwendo sawa.

Ushahidi wa pili unafaa kusomwa kwa mlio wa Gerezani, hatua chache kutoka sokoni, mafundi wanakokunja mabati. Katika miaka ya 1920, mjini Moscow, mwanafiziolojia Nikolai Bernstein aliwafunga wafanyakazi taa ndogo kwenye viungo vya mkono, kisha akawapiga picha mfululizo wakigonga patasi kwa nyundo. Ilitarajiwa kwamba fundi mzoefu atarudia mwendo uleule kila anapogonga, kama mashine. Bernstein aliona jambo jingine: bega, kiwiko na kifundo cha mkono vilipita njia tofauti kila mara, ilhali kichwa cha nyundo kilifika palepale. Kosa la bega lilisahihishwa na kiwiko, na la kiwiko likasahihishwa na kifundo. Kumbe ujuzi haukai kwenye mwendo uliokaririwa. Unakaa kwenye uwezo wa kulitatua tatizo lilelile upya kila nyundo inapoinuliwa. Mwanafunzi wa ufundi anayeambiwa "fanya kama mimi" hawezi kufanya kama mwalimu wake, kwa sababu hata mwalimu mwenyewe hafanyi kama alivyofanya dakika moja iliyopita.

Ushahidi wa tatu umetoka kwa jirani zetu. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy, mwanafiziolojia wa Kenya, na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kiluo na Kikikuyu waliozoea kubeba mizigo. Mzigo ulipokuwa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili, yaani kilo 12 kwa mwanamke wa kilo 60, wanawake hao hawakutumia nishati zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Kwa wasiozoea, nishati hupanda sambamba na mzigo. Mwaka 1995 baadhi ya watafiti hao walieleza sababu. Kutembea ni kama pendulamu, mwili ukipanda na kushuka juu ya mguu, na kila hatua hupoteza nishati kidogo. Wanawake wale, wakiwa wamejitwika, waliupunguza upotevu huo. Hiyo ni nafuu inayotokana na namna hatua inavyopangwa, na kupanga hatua ni kazi ya ubongo na ugwe mgongo uliofunzwa kwa miaka.

Kujibu pingamizi

Pingamizi la kwanza litasema kwamba matokeo ya Kenya yasichukuliwe kama msahafu. Ni kweli. Mwaka 2010 watafiti waliowapima wanawake wa Kixhosa nchini Afrika Kusini hawakuikuta nafuu hiyo kwa ujumla; walikuta tofauti kubwa kati ya mtu na mtu. Lakini tofauti hiyo haiivunji hoja yetu. Kama ubebaji ungekuwa suala la misuli na uzito tu, watu wenye miili inayolingana wangetumia nishati inayokaribiana. Wanapotofautiana sana chini ya mzigo mmoja, tunalazimika kuuliza ni nini ambacho mmoja amejifunza na mwenzake hajakipata.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mpagazi hafikirii anapotembea, anapiga soga na mwenzake, sasa akili iko wapi? Jibu la wazi limo katika kisa cha Ian Waterman, Mwingereza aliyekuwa muuza nyama. Mwaka 1971, akiwa na miaka 19, maradhi yaliharibu neva zinazoupelekea ubongo habari za mkao wa viungo kuanzia shingoni kwenda chini. Misuli yake ilibaki mizima, lakini hakuweza kusimama. Alijifunza upya kukaa na kutembea kwa kuutazama kila mwendo na kuufikiria, na taa zikizimika alianguka. Alilazimika kufanya kwa makusudi kile ambacho sisi hufanyiwa na ubongo kimyakimya, na kazi hiyo ikawa inaimeza siku yake nzima. Basi mpagazi anayepiga soga chini ya belo anatuonyesha ni kiasi gani cha kazi ubongo wake umekwisha kukimudu. Wahenga waliosema ujuzi hauzeeki hawakuwa na kipimo cha maabara, lakini walijua kwamba mwili uliofunzwa hauhitaji kukumbushwa.

Pingamizi la tatu linasema mashine itafanya yote haya. Mwaka 1997 kompyuta Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji, mchezo tulioufanya kipimo cha akili. Hadi leo hakuna roboti inayojitwika belo na kukatiza Mtaa wa Kongo wakati wa msimu wa sikukuu. Kilichoonekana kigumu kilikuwa chepesi kwa mashine, na tulichokidharau ndicho kinachoisumbua.

Pingamizi la mwisho ni la kimaadili: je, hatuurembi umaskini? Tungekuwa tunauremba kama tungesema mzigo ni mzuri. Ubongo unaweza kuipanga hatua, lakini pingili za shingo zina kikomo. Mjadala wa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, huendeshwa zaidi kama dhuluma dhidi ya mkulima anayelipwa bei ya gunia moja. Unapaswa pia kuigusa shingo ya anayelishusha gunia hilo sokoni. Kumtambua mpagazi kuwa mjuzi kunaongeza sababu za kumlinda.

Athari zake: kiharusi na ufundi

Gharama ya mgawanyo wa nguvu na akili huonekana zaidi pale mwendo unapopotea. Utafiti uliofanyika kati ya 2003 na 2006 Dar es Salaam na wilayani Hai ulikuta, baada ya kulinganisha umri, kiharusi kwa watu takriban 316 kati ya kila 100,000 kwa mwaka hapa mjini, dhidi ya 109 hivi kule Hai. Mkono unaolala baada ya kiharusi kwa kawaida una misuli mizima. Kilichokatika ni amri. Hivyo kuupaka mafuta na kuukanda huku ukiwa umelazwa pajani hakutoshi. Mkono huo ni mwanafunzi, na hufunzwa kama fundi wa Gerezani alivyofunzwa: kwa kujaribu mara nyingi, kukosea, kusahihisha, na kujaribu jambo lenye maana kwa mhusika.

Hitimisho

Mapendekezo ni mawili. Kwa walimu wa ufundi, muda wa mazoezi usihesabiwe kama nyongeza ya somo, kwa sababu ndimo somo lenyewe linamoingia ubongoni. Na mwanafunzi abadilishiwe bati, nyundo na mkao ili ajifunze kutatua badala ya kunakili. Kwa watoa huduma za utengemao, swali la kwanza kwa mgonjwa wa kiharusi liwe: ulikuwa unafanya kazi gani? Aliyekuwa mama lishe aanze na mwiko na sufuria, fundi cherehani aanze na kitambaa, na mpagazi aanze kwa kusimama wima akiwa na ngata tupu kichwani. Huko ndiko ubongo wake ulikowekeza miaka mingi, na ni busara kuanzia huko.