Hasara Hugawanywa, Kipimo cha Dawa Hakigawanywi

(Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa wanachama wafugaji, Makangale, Pemba)



Nimeitwa kuzungumza juu ya mfuko wa dawa za mifugo. Nitauzungumza, ila naomba nianzie mbali kidogo. Kabla hatujaketi, mzee mmoja aliniuliza: "Bwana Mkaguzi, mtu akipatwa na saratani hupelekwa hospitali akapewa dawa. Mbona ng'ombe hapewi?" Ndani ya jibu la swali hilo imo habari yote ya mfuko wetu. Mimi si daktari wa mifugo. Niliyo nayo nimeyapata vitabuni na kwa mabwana mifugo niliofuatana nao kazini.

Mwili wa mnyama, kama wetu, umejengwa kwa chembe hai. Chembe hugawanyika ikawa mbili panapokuwa na haja, kisha hutulia. Saratani huanza kwa chembe iliyokataa kutulia: hugawanyika bila ya haja, na watoto wake hufanya vivyo hivyo. Sasa, dawa nyingi za saratani hazimjui adui kwa sura yake. Humjua kwa mwendo wake, yaani hupiga chembe iliyo katika kugawanyika.

Tuchukue mfano wa dawa iitwayo vinkristini. Asili yake ni mmea wa maua meupe na ya waridi utokao kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska, ambao watu wengi wa pwani huupanda uani kwa pambo. Dawa hiyo ilianza kutumiwa kwa binadamu katika miaka ya 1960. Chembe inapotaka kugawanyika hutandika nyuzi nyembamba za kuuvuta urithi wake pande mbili. Vinkristini huzizuia nyuzi hizo zisijengeke, na chembe hukwama na kufa. Iko saratani ya mbwa inayoambukizwa kwa kupandana, nayo aghalabu hupona kwa sindano ya dawa hiyo, mara moja kwa wiki, kwa wiki kadhaa.

Walakini dawa ya namna hiyo haichagui sana. Uboho wa mifupa, unaotengeneza damu, nao hugawanya chembe zake usiku na mchana. Kadhalika ngozi ya ndani ya matumbo. Kwa hiyo daktari hupima uzito wa mnyama, hupima damu yake, na hutoa dawa kwa vipindi ili chembe njema zipate nafasi ya kujijenga upya. Kipimo kikizidi, huua mnyama; kikipungua, huiacha saratani hai. Kwa mbwa na paka, madaktari wa ng'ambo aghalabu hutafuta kumpa mnyama muda wa kuishi bila ya maumivu, hata kama hatapona kabisa.

Ama ng'ombe, yeye ni chakula chetu. Dawa hizi hutoka katika maziwa, mkojo na kinyesi, na zinaweza kumdhuru anayekamua na anayekunywa. Tena bei yake hupita bei ya mnyama. Kwa sababu hiyo uvimbe wa ng'ombe, kama ule wa jicho, hukatwa na daktari ungali mdogo. Hilo ndilo jibu langu kwa mzee wetu.

Lakini jibu halijaisha. Uko ugonjwa wa ng'ombe ambao ni jamaa wa karibu wa saratani, na dawa yake tunayo. Ugonjwa huo ni ndigana kali.

Huletwa na kupe. Kupe mwenye ugonjwa hauambukizi mara tu anapouma. Kwa kawaida hunyonya siku chache ndipo vijidudu vikomae katika mate yake. Vikiingia mwilini mwa ng'ombe, huingia ndani ya chembe nyeupe za damu, na humo hufanya jambo la ajabu. Haviiui chembe hiyo, bali huiamrisha igawanyike. Kila inapogawanyika, kijidudu hujishikiza kwenye zile nyuzi nilizozitaja na kugawanyika pamoja nayo, ili kila mtoto arithi fungu lake. Ndipo tezi zilizo chini ya sikio huvimba, homa hupanda, na mwishowe mapafu hujaa maji. Ng'ombe asiyetibiwa anaweza kufa katika muda wa wiki tatu hivi, na chotara wa maziwa huathirika zaidi kuliko ng'ombe wetu wa asili.

Tofauti na saratani yenyewe ni moja, nayo ni ya heri. Kijidudu kikiuawa, amri yake hukoma, na chembe ile huacha kugawanyika na kufa. Utafiti uliofanywa Muguga, nchini Kenya, katika miaka ya 1970 ulifungua njia ya dawa za namna hiyo, na katika miaka ya 1980 ikapatikana buparvakwoni. Dawa hii humnyima kijidudu nguvu ya kuishi, wala haiupigi uboho wa ng'ombe. Lakini sharti zake mbili ni zile zile za dawa za saratani: iwahi, na kipimo kitimie. Mapafu yakishajaa maji, dawa haifui dafu.

Ndugu wanachama, sasa naingia katika hesabu, na naanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa mgeni kazini, nilikagua chama kimoja cha wafugaji ambacho sitakitaja. Ng'ombe watatu wa maziwa walikuwa wameugua ndigana kali katika wiki moja, na fedha ya mfuko ilitosha dawa ya ng'ombe wawili. Halmashauri ilikutana usiku. Wenye ng'ombe wote watatu walikuwa na hisa sawa, na hapana aliyethubutu kumwambia mwenzake, "Wako asubiri." Basi wakaigawa dawa mafungu matatu sawasawa. Ng'ombe walipata nafuu siku chache, kisha homa ikarudi, na wote watatu wakafa. Mmoja wao alikuwa wa mama mjane aliyesomesha watoto kwa maziwa yake.

Nilipofika, daftari lilikuwa safi: mafungu matatu, sahihi tatu. Nikaandika katika taarifa yangu kwamba mgawanyo ulikuwa wa haki. Bwana mifugo mmoja alipoisoma taarifa ile aliniuliza, "Haki ya nani, bwana? Ya ng'ombe au ya kijidudu?" Sikuwa na jibu.

Nimelifikiri swali hilo tangu siku ile. Wanachama wale hawakuwa wezi wala wazembe. Walifuata walilofundishwa na ushirika, kugawana sawa, lakini walikigawanya kisichogawanyika. Dawa pungufu humwacha kijidudu hai. Huko Tunisia na Iran, vijidudu vya ukoo huu vimekwisha onekana vikiihimili dawa hii. Kinachogawanyika katika ushirika ni gharama na hasara. Wangewatibu ng'ombe wawili kwa kipimo kamili, na hasara ya yule wa tatu wangeibeba wanachama wote kwa pamoja, mama yule asingebaki mikono mitupu, hata kama ng'ombe aliyekufa angekuwa wake.

Kwa hiyo nayaleta mbele yenu mapendekezo matatu, muyajadili kabla sijarudi Konde.

Kwanza, mfuko ugharimie kinga kabla ya tiba: dawa ya kupe kwa ng'ombe wote kwa tarehe zilizopangwa na bwana mifugo, na kila mwenye ng'ombe apapase masikio yake kila jioni anapomfungua kamba. Kupe anayetolewa mapema aghalabu huwa hajawahi kuambukiza.

Pili, iandikwe katika masharti ya chama kwamba hapana ng'ombe atakayepewa dawa pungufu ya kipimo cha uzito wake. Daftari lioneshe jina la dawa, uzito wa ng'ombe, kiasi alichopewa, na siku ambazo maziwa na nyama yake havitauzwa, kama ilivyoandikwa katika karatasi ya dawa. Maneno "dawa ya ng'ombe" peke yake sitayakubali tena.

Tatu, mtenge fungu la hasara, ili mwanachama ambaye ng'ombe wake hakufikiwa na dawa afidiwe na wote. Fungu hilo likiwapo, Halmashauri itaweza kusema "wako asubiri" bila ya kumdhulumu mtu.

Nikija kukagua mwakani, nitaanza na daftari hilo.