PROPELA YA TREKTA: KUIPIMA, KUIFUNGA, NA KUTENGENEZA ILIYOHARIBIKA

(Mazungumzo ya fundi wa trekta kwenye mkutano wa wanachama wa ushirika. Tumeyaandika hapa ukutani kwa ajili ya wale waliokuwa shambani siku ile.)



Nimeombwa niseme juu ya propela. Nimesikia mmoja huko nyuma akiuliza, mkutano mzima ukae kusikiliza habari za chuma kimoja? Ndiyo, ukae. Msimu wa mwaka 2024 mashine yetu ya kupukuchua mahindi ilisimama siku 9. Malundo yamejaa uwanja mzima, lori la mnunuzi limeshageuza kwenda kijiji kingine. Fedha iliyonunua beringi, sili na oili ilitoka kwenye hisa zenu ninyi. Na mashine ilikuwa nzima kabisa, ila ilifungwa propela ndefu kuliko nafasi yake.

Kwanza tuelewane kwa majina. Nyuma ya trekta, chini ya kiti, kuna kishafti kifupi chenye meno. Hiyo ndiyo PTO. Yenyewe haiwezi kuifikia mashine, kwa hiyo katikati tunaweka propela: mabomba mawili, moja linaingia ndani ya jingine, na kila mwisho una krosi ili ipate kujipinda. Mabomba yanaingiana kwa sababu nafasi kati ya trekta na mashine haikai vile vile. Ukiinua mashine inabadilika, ukikata kona inabadilika.

Sasa hapo kwenye kuingiana ndipo penye maneno.

Propela mpya inatoka dukani ikiwa ndefu makusudi, ili kila mtu aikate kulingana na trekta lake. Ukiifunga kama ilivyo, siku utakayoinua mashine bomba la ndani litagonga mwisho wa bomba la nje. Halina pa kwenda. Litasukuma PTO upande huu na giaboksi ya mashine upande ule, na kinachosalimu amri ni kile kilicho dhaifu: beringi, sili, au bomba lenyewe linapinda. Ikiwa fupi mno nayo, mabomba yanachomoka huku yanazunguka, na kipande kilichobaki kwenye trekta kinakuwa rungu lisilo na mwenyewe.

Kupima ni hivi. Funga mashine kwenye mikono mitatu ya trekta, propela ikiwa bado pembeni. Inua na kushusha taratibu, uone wapi PTO na shafti ya mashine zinakaribiana kuliko pote. Kwa mashine ya kubebwa kama yetu, mara nyingi ni pale zinapolingana usawa. Kwa mashine ya kukokotwa ni kwenye kona kali. Hapo simamisha. Weka gogo au stendi imara chini ya mashine, zima injini, ufunguo utie mfukoni mwako. Usimpe mtoto akushikie.

Tenganisha propela. Nusu moja ichomeke kwenye trekta, nusu nyingine kwenye mashine, halafu zilaze sambamba, bega kwa bega. Utaona kwa macho yako kila bomba linavyopita. Piga alama kwa chaki ili, nafasi ikiwa fupi kabisa, bomba libakize sentimita 4 hivi kabla ya kugonga mwisho. Kata mabomba yote mawili kwa kipimo kile kile, na kava za plastiki nazo kwa kipimo hicho hicho. Wengine hukata bomba la ndani tu wakaona wamemaliza. Hapana, yote mawili.

Tumia msumeno wa chuma, kata wima. Kisha chukua tupa uondoe makali ya nje na ya ndani, ufute unga wote wa chuma, upake grisi. Unga ukibaki mle ndani unakula mabomba kama mchanga.

Ukimaliza geuza hesabu: peleka mashine mahali propela inaponyooka kuwa ndefu kabisa, uangalie mabomba bado yameingiana kiasi gani. Yashikane walau theluthi ya urefu wa bomba. Yakishikana chini ya hapo propela hiyo si ya mashine hii, tafuteni ndefu zaidi. Msidanganyike kuchomelea kipande cha kuongeza. Bomba lililoungwa halina mizani, na panapoungwa ndipo patakapokatika.

Jambo la pili ni uma za katikati. Kila bomba lina uma mwishoni, unaoshika krosi. Ukiunganisha propela, uma hizo mbili za katikati lazima zilale sawa, kama mikono ya mtu anayepokea kitu. Moja ikilala na nyingine ikisimama, umekosea. Propela zetu za zamani zenye bomba la pembe nne zinakubali kuingia hata vibaya, ndiyo maana nasisitiza. Sababu ni hii: krosi iliyojipinda haizungushi sawasawa. Katika kila mzunguko inaharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Kazi ya krosi ya pili ni kufuta kasoro hiyo, na haiwezi kuifuta kama uma zimepishana. Badala yake zinaongezana, mashine inatetemeka gwa-gwa-gwa, bolti zinalegea, na mwendeshaji anasema mahindi yana unyevu. (Watu walicheka.)

Kufunga kwenyewe ni dakika mbili. Safisha meno kwa brashi ya waya, paka grisi kidogo, bonyeza pini, sukuma, achia pini iangukie kwenye mfereji wake. Kisha vuta kwa nguvu kurudi nyuma. Ikija mkononi, ilikuwa haijashika. Ikikataa kuingia, usiipige nyundo, maana pigo lote linakwenda kwenye beringi za PTO. Angalia kama kuna tope au jino lililovimba, ulipitishe tupa. Ule mwisho wenye klachi au bolti ya usalama unakaa upande wa mashine. Propela nyingi zina picha ya trekta kwenye kava, nayo inaonyesha upande gani unaelekea trekta.

Na mhesabu meno. PTO yetu ina meno 6 mapana, ni ya mizunguko 540 kwa dakika. Yapo matrekta yenye PTO ya meno 21 membamba, ya mizunguko 1000. Akija mtu na kipande cha kuunganisha hii na ile ili aazime mashine yetu, kamati ikatae. Mashine ya 540 ikizungushwa 1000 inapasuka.

Sasa akina mama, hapa nawaomba msogee. Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko 9 kwa sekunde. Bomba lenye unene wa sentimita 5 tu likikamata ncha ya kitambaa, kwa sekunde moja linavuta karibu mita moja na nusu. Hiyo ni kanga nzima. Mtu hana nafasi ya kupiga kelele, wala mwendeshaji hana nafasi ya kufikia klachi. Kava ya plastiki imewekwa kwa sababu hiyo. Kava haizunguki. Ina vijiminyororo viwili, kimoja kifungwe kwenye trekta na kingine kwenye mashine, na visiachwe kukaza sana. Vijiminyororo hivyo si vya kuning'inizia propela.

Nimeona mahali pengi kava imetupwa kwa kuwa imepasuka, na watu wanaruka propela kufuata magunia upande wa pili. Propela hairukwi, hata ikizunguka polepole. Zungukeni mbele ya trekta. Anayepukuchua asivae kanga inayoning'inia, na anayevaa koti alifunge vifungo. Kijana wa kulisha mashine akiona gunzi limekwama, PTO itolewe, injini izimwe, kila kitu kisimame kabisa, ndipo mkono uingie.

Nije kwenye matengenezo. PTO ikianza kuvuja oili, watu wanakimbilia kununua sili. Subiri kwanza. Injini ikiwa imezimwa, shika kishafti kwa mkono ukitikise juu na chini. Kikicheza, beringi imekwisha, na sili mpya utakayoweka itavuja tena baada ya siku chache. Badilisha vyote pamoja, na upime propela kabla ya kuirudisha, kwa sababu kilichoua beringi ya kwanza bado kimelala pale ghalani kinasubiri ya pili.

Krosi iliyokufa utaijua kwa kucheza, kwa vumbi jekundu la kutu kwenye vikombe vyake, au kwa kuwa ya moto kuliko wenzake baada ya kazi. Kuibadilisha hakuhitaji mjini. Toa vile vibati vinne vya kuzuia, bana uma kwenye jiliwa, sukuma kikombe kimoja kitoke upande wa pili. Krosi mpya, ichungulie vikombe: sindano zote zisimame, moja ikianguka chini ya kikombe hakitaingia mpaka mwisho, na ukilazimisha umeharibu krosi mpya. Nipeli ya grisi ielekee mahali bomba la grisi litakapofika. Ukimaliza, krosi ijipinde pande zote kwa mkono. Kama ni ngumu upande mmoja, gonga uma kidogo vikombe vikae.

Bomba lililopinda usilinyooshe. Linunuliwe jipya.

Bolti ya usalama imewekwa ikatike ili giaboksi isikatike. Ikikatika weka ya unene ule ule na namba ile ile iliyopigwa kichwani. Bolti ya 8.8 usiibadili kwa ya 10.9, ni ngumu zaidi, haitakatika, na bei ya giaboksi mnaijua. Na ikikatika mara tatu kwa siku moja, tafuteni kilichokwama ndani ya mashine.

Grisi kila asubuhi kabla ya kazi: krosi mbili, mabomba, na beringi za kava. Mwenye zamu aandike kwenye daftari la trekta.

Nimemwomba Mwenyekiti, naye amekubali, kwamba propela yoyote mpya isifungwe mpaka watu wawili wa kamati waone vipimo vimeandikwa kwenye daftari hilo. Jumamosi saa mbili asubuhi nitaifungua propela ya zamani pale ghalani. Vijana wanaotaka kuendesha trekta msimu huu waje na tupa, brashi ya waya na matambara. Kava mbili zilizopasuka tumeshaziagizia nyingine; mpaka zifike, mashine haitapukuchua.