Nani Aliyeandika Orodha?

Hotuba ya wakili mmoja mbele ya vijana, wazazi na mafundi wa jua kali, Eldoret

Niliombwa nizungumze juu ya Katiba na ajira. Kwa idhini yenu, nitazungumza juu ya orodha.

Mwezi uliopita alikuja ofisini kwangu kijana wa Langas, mwenye umri wa miaka 23. Jina lake nalihifadhi. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, na sitashangaa nikiambiwa kwamba milango aliyoiunda inalinda nyumba za baadhi yenu mlioketi hapa. Alikuwa amekwenda kuomba nafasi katika mafunzo yanayolipiwa na serikali. Akaulizwa kitambulisho, hana, kwa kuwa wazazi wake walifariki na nakala za vitambulisho vyao hazipatikani. Akaulizwa cheti cha kidato cha nne. Kimezuiliwa shuleni kwa sababu ya karo, ingawa serikali imeagiza mara kadhaa kwamba vyeti viachiliwe. Alipambana na makaratasi hayo kwa wiki mbili, kisha akasikia kwamba orodha imekwisha kujaa. Akaniuliza: "Wakili, nani aliyeandika orodha?"

Nimesomea sheria, nimeitetea mahakamani kwa miaka mingi, na sikuwa na jibu.

Katiba tuliyoipitisha mwaka 2010, katika Kifungu cha 55, inailazimu Dola kuchukua hatua ili vijana wapate elimu na mafunzo yanayofaa, na wapate ajira. Nasisitiza neno kulazimu. Kifungu cha 56 kinaongeza kwamba makundi yaliyotengwa yaandaliwe mipango maalumu ya elimu na ya ajira. Jedwali la Nne nalo limevikabidhi vyuo vya ufundi vya vijijini kwa serikali za kaunti, kwa hiyo asije mtu kutoka kwenye jengo la kaunti akatuambia kwamba jambo hili ni la Nairobi.

Wala jambo lenyewe si geni. Shirika la Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, liliundwa mwaka 1964. Mwaka 1966 makanisa yalitoa ripoti iliyouliza swali rahisi: mtoto akimaliza darasa la mwisho la msingi, aende wapi? Kutokana na swali hilo zilizaliwa politekniki za vijiji, ambako kijana alifundishwa useremala, uashi na ushonaji karibu na kwao, kwa gharama ndogo. Lilikuwa wazo jema, na sisi wenyewe tukalitia doa kwa kuziita mahali pa walioshindwa. Hapa mjini palikuwa na njia nyingine pia. Wengi wa rika la baba zetu walifundishwa kazi ndani ya viwanda vya nguo. Rivatex ilipoporomoka, tuliomboleza mishahara. Wachache waliona kwamba shule nayo ilikuwa imefungwa. Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua kiwanda hicho mwaka 2007, lakini kizazi kizima kilikuwa kimekwisha kupita nje ya lango.

Yaliyotukia katika nchi hii mwanzoni mwa mwaka 2008, sisi wa Uasin Gishu hatuhitaji kusimuliwa. Waliopatanisha waliandika katika Ajenda ya Nne kwamba ukosefu wa kazi kwa vijana ni miongoni mwa mizizi ya maafa yale. Mwaka 2009 ikaja Kazi kwa Vijana: majembe, mitaro, ujira wa siku chache, kisha kila mtu akarudi alikotoka bila ufundi wala cheti. Mwaka 2015 taifa likasikia habari za shilingi milioni 791 za NYS. Mradi ulioanza mwaka 2016 kwa fedha za Benki ya Dunia ulikuwa na busara zaidi, nami nakiri hivyo bila shida, maana uliwalenga vijana wenye masomo kidogo na kuwaweka chini ya mafundi wa jua kali wenyewe. Kijana hujifunza kuchomelea kwa mtu anayechomelea.

Niruhusuni sasa niguse kidonda chetu wenyewe. Mwaka 2021 kaunti hii ilianzisha mpango wa kuwapeleka vijana kusoma Finland na Kanada. Wazazi waliuza ng'ombe, wakauza na vipande vya shamba. Mwaka 2023 wazazi hao waliandamana katika barabara za mji huu wakidai fedha zao, Seneti ikachunguza, na mashtaka yakafikishwa mahakamani. Mimi ni wakili. Sitajifanya hakimu wa kesi hiyo. Ninachotaka mkitazame ni kitu kimoja. Tuliwalilia, kwa haki kabisa, waliouza ng'ombe wakapata hasara. Yule kijana wa Langas hakuwa na ng'ombe wa kuuza. Hakuwamo katika hasara kwa sababu hakuwamo hata katika foleni, na hakuna aliyeandamana kwa ajili yake.

Basi tufanye nini? Hapa vijana hupenda kusikia neno maandamano, na haki hiyo mnayo chini ya Kifungu cha 37. Lakini ipo silaha nyingine isiyotoa moshi. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inamruhusu raia yeyote kuomba habari zilizo mikononi mwa ofisi ya umma. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili. Hulazimiki kueleza unazitakia nini. Asiyejua kuandika, afisa anapaswa kumwandikia. Jibu linatakiwa lisizidi siku 21, na likikosekana, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi mnaijua kwa jina la Ombudsman.

Hatuombi siri za mtu. Tunaomba kujua nafasi ngapi zilitolewa katika kila wadi, kigezo gani kilitumika, nani alikaa kuchagua, na wangapi kati ya waliofuzu wanafanya kazi leo. Tukiwa na majibu hayo, tutayapeleka kwenye vikao vya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti, kabla makadirio hayajafika bungeni mwishoni mwa mwezi Aprili, maana baada ya hapo kelele zetu huwa za kuchelewa.

Kuhusu kijana wangu: maombi ya kitambulisho yameanza upya, safari hii kwa hati ya kiapo ya shangazi yake. Akikipata, atafanya mtihani wa ufundi wa serikali, Gredi ya 3, ambao unapima mkono wa fundi na hauulizi alimaliza shule gani. Wenye karakana mliopo hapa, mtu wenu aliyekaa miaka mitatu bila mtihani huo mnamnyima daraja; mpelekeni.

Barua ya ombi nimekwisha kuiandika, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Ipo pale mezani kwa katibu, pamoja na kalamu. Nimeacha mistari 60 ya sahihi, na wa kwanza kutia sahihi ni shangazi aliyeketi safu ya nyuma, mwenye leso ya kijani.